Gari la kuunganisha na fomu ya bima



Jirani yangu mmoja hapa Dar es Salaam alistaafu, akachukua kiinua mgongo chake, na badala ya kununua gari bandarini akaamua kuliunda mwenyewe uani kwake. Chasisi ilitoka kwa mtu mmoja, injini kwa mwingine, bodi akachomelewa mtaani. Lilipokamilika likawa pikapu nzuri, akalikatia bima kubwa. Haukupita mwaka, asubuhi moja akaamka na kukuta mlango wa uzio wazi na pikapu haipo.

Alikwenda polisi, akapewa namba ya RB, akaenda kudai fidia kwa kampuni yake ya bima. Huko akaulizwa maswali mawili. La kwanza: kadi ya gari inasema injini ni ya petroli, mbona risiti zako ni za vipuri vya dizeli? La pili: kwenye fomu uliandika gari lina alamu inayofanya kazi, je, usiku ule ililia? Ukweli ni kwamba fundi aliichomoa waya miezi mingi nyuma, kwa sababu ilikuwa ikilia hovyo na kuwaudhi majirani, mimi nikiwa mmoja wao. Mzee wa watu hakulipwa hata senti tano.

Nililia naye, lakini pia niliogopa. Mimi mwenyewe wakati ule nilikuwa namalizia gari la namna hiyohiyo: chasisi ya Land Rover 109 na injini ya dizeli ya Toyota. Basi leo nataka tuzungumze juu ya ulinzi wa gari la kuunganisha, na jinsi bima inavyoutazama.

Kwanza tuelewane kuhusu bima. Bima ndogo, ile ambayo sheria inamlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo, inawalinda watu wengine unaoweza kuwadhuru barabarani. Gari lako likiibwa, haikuhusu. Anayetaka kulipwa kwa wizi lazima akate bima kubwa, au ile ya kati inayoongeza moto na wizi juu ya bima ndogo. Na hapo ndipo kampuni inapoanza kuuliza maswali.

Gari lililotoka kiwandani linajulikana. Kampuni inajua bei yake, mwaka wake, na kitasa alichokiweka mtengenezaji. Langu halikujulikana. Nilipojaza fomu nilikwama kwenye kisanduku cha “aina ya gari”, na kile cha “mwaka wa kutengenezwa” kikanitoa jasho kabisa. Dada wa mapokezi akacheka, akasema, “Mzee, hili tutamtuma mkaguzi aje aone.”

Mkaguzi akaja. Nikamwonyesha kwa majigambo swichi ya siri niliyoificha chini ya kiti, ambayo ikizimwa stata haizunguki. Akatikisa kichwa. Akachomeka bisibisi kwenye swichi ya funguo, niliyoinunua kuukuu Gerezani, ikazunguka kama ufunguo wenyewe. Akapiga stata, kimya. Nikatabasamu. Ndipo akawaita vijana wawili waliokuwa wanapita, akawaambia wasukume. Akaingiza gia ya pili, akaachia klachi, gari likawaka na kunguruma. Tabasamu likaniisha.

Alikuwa na la pili. Alilizima gari, nami nikawasha alamu. Akatikisa mlango, king’ora kikalia mtaa mzima. Akafungua boneti, ambayo haikuwa na kufuli, akachomoa terminali ya betri. King’ora kikakata palepale. “Mzee,” akasema, “mwizi naye anazo mbinu hizi.”

Somo nililopata ni hili: ulinzi lazima ufuate jinsi gari lenyewe linavyowaka. Injini ya petroli inahitaji cheche, hivyo ukikata umeme wa cheche au wa pampu ya mafuta, umeizuia. Injini ya dizeli haina cheche. Mafuta yanawaka kwa joto la hewa iliyogandamizwa ndani ya silinda, na ikishapata mafuta na kuzungushwa, inakwenda. Kukata stata peke yake kunamzuia mvivu tu. Kwenye injini kama yangu kuna vali ndogo ya umeme nyuma ya pampu ya dizeli. Isipopata umeme, mafuta hayapiti, hata wakisukuma hadi Kibaha. Lakini nayo isiachwe wazi, maana mwenye kipande cha waya anaweza kuiunganisha moja kwa moja na betri. Mimi niliifunika kwa kasha la chuma.

Kwa hiyo kata njia mbili, wala usiridhike na moja. Wenzetu wa Uingereza, ambako kujenga gari nyumbani ni mchezo wa watu wengi, wana kituo kiitwacho Thatcham, kilichoanzishwa na kampuni za bima mwaka 1969, ambacho hupima vifaa vya kuzuia wizi na kuvipanga kwa madaraja. Kifaa cha kuzuia injini kinatakiwa kukata angalau njia mbili, tena kijifunge chenyewe bila kumtegemea dereva akumbuke. Hilo la pili ni la maana sana. Swichi yangu ya siri ilikuwa nzuri siku ninazokumbuka kuizima. Siku ninazorudi nimechoka, haikuwa na faida.

Kuna mambo mengine ambayo fundi asiyejali huyaruka. King’ora kiwe na betri yake ndani, ili kiendelee kulia hata betri kubwa ikichomolewa. Boneti iwe na kufuli. Waya za kifaa zifanane rangi na waya nyingine na zipite pamoja nazo, zisining’inie kama kamba ya kuanikia nguo. Waya wa athi ufungwe kwenye chuma kisafu kisicho na rangi wala kutu, maana athi mbovu ndiyo chanzo cha alamu nyingi za kichaa. Milango ya gari la kuunganisha mara nyingi inacheza. Irekebishe kwanza, ndipo ufunge alamu. Alamu inayolia kila lori linapopita ni sawa na mbwa anayembwekea kila mpita njia: siku ya mwizi hakuna atakayetoka.

Na tahadhari moja ya uhai: kifaa kisiweze kuzima injini gari likiwa mwendoni. Breki nyingi zinasaidiwa na nguvu ya injini. Injini ikikatika mteremkoni, utatamani heri mwizi angelichukua.

Ukifunga kifaa cha kufuatilia gari kwa setilaiti, usikifukie chini ya bati zito, kwa kuwa kinahitaji kuiona mbingu. Na laini yake ya simu isikose salio.

Sasa turudi kwa jirani yangu, maana hata angekuwa na vifaa vyote hivi, karatasi zingemwangusha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Namba ya chasisi na ya injini zilizo kwenye gari ndizo ziwe kwenye kadi. Ukibadili injini, badilisha na kadi. Tunza risiti za vipuri, piga picha za kazi kila hatua, na fundi akuandikie alichofunga na tarehe. Tafuta mthamini alithamini gari kabla ya kukata bima, kwa sababu kwa kawaida kampuni hulipa thamani ya gari sokoni siku lilipoibwa, haijumlishi risiti zako. Na kwenye fomu, andika kilichopo. Bima inasimama juu ya uaminifu, na ukisema una alamu, umeahidi kwamba inafanya kazi. Ikiharibika, itengeneze, na kama haitengenezeki, waarifu kwa maandishi.

Mkaguzi wangu alirudi baada ya wiki tatu. Vijana walisukuma mpaka mwisho wa mtaa, gari likakataa. Akaweka sahihi. Jirani yangu alikuwa amesimama getini kwake akitutazama. Akaniambia, “Laiti ningesukumiwa langu mapema.”

Ndugu msikilizaji, sukuma lako leo. Tukutane wiki ijayo.