Vifaa vya sauti makumbushoni visitutenganishe

KILA mwaka shule zetu hupeleka wanafunzi kwenye makumbusho na maeneo ya kumbukumbu. Basi hukodiwa, majina huitwa, safari huanza. Jambo lisilozungumzwa vya kutosha ni kile kinachotokea baada ya kuingia mlangoni. Je, watoto 40 hutembelea mahali pale pamoja, au ni ziara 40 za watu waliopanda basi moja?

Swali hili limezidi kuwa na uzito tangu vifaa vya sauti vianze kutumika. Mgeni huvaa hedifoni, hubonyeza namba ya chumba na kusikiliza maelezo kwa lugha aliyoichagua. Faida yake ni kubwa. Asiyejua kusoma husaidika, na mwenye kutaka kurudia hurudia bila kumchosha mwongozaji. Lakini masikio yakishazibwa, mazungumzo nayo huzibwa.

Tuchukue mfano wa Gisozi, hapa Kigali. Jumba la kumbukumbu la mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi lilifunguliwa mwaka 2004, miaka 10 baada ya mauaji hayo, na katika viwanja vyake wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Mwaka 2023 UNESCO ililiingiza katika orodha ya urithi wa dunia pamoja na Nyamata, Murambi na Bisesero. Ndani kimo chumba cha watoto, chenye picha kubwa na maelezo mafupi: umri wa mtoto, chakula alichokipenda, rafiki yake. Mwanafunzi wa miaka 15 anayesimama mbele ya picha hiyo hahitaji maelezo tu. Anahitaji mtu wa kumshika bega.

Sisi walimu tunalifahamu hilo. Darasani mwetu wamo watoto wa manusura, wamo wajukuu wa waliorudi kutoka uhamishoni, na wamo wengine ambao nyumbani kwao habari hizi hazisemwi kabisa. Huzuni ikimjia mmoja wao akiwa peke yake na sauti ya mashine, jirani yake anaweza asijue, kwa kuwa yeye yuko chumba kingine cha maelezo.

Kuna jambo la pili, nalo ni la lugha. Familia nyingi za waliorejea zimechanganyika. Bibi anazungumza Kinyarwanda, mjomba aliyekulia Kongo anapenda Kifaransa, shangazi wa Uganda Kiingereza, na sisi tuliosoma Tanzania tunafikiri kwa Kiswahili. Ukiipa familia hiyo vifaa vinne vya lugha nne, kila mmoja atapata haki yake, ila kasi zitatofautiana. Wakikutana mlango wa kutokea, kila mmoja atakuwa na habari yake. Na bibi, ambaye pengine ndiye aliyeyaona mambo hayo kwa macho, hakuulizwa lolote.

Tatizo hili si la Rwanda peke yake. Mwaka 1952 jumba la sanaa la Stedelijk, Amsterdam, lilianza kurushia wageni maelezo kwa mawimbi ya redio. Wote walisikia sauti moja kwa wakati mmoja, wakageuka pamoja kutazama picha ileile. Kundi lilibaki pamoja, lakini hakuna aliyeweza kusimama apendapo. Baadaye kaseti na vifaa vya namba vikampa kila mtu uhuru wake, na ndipo makundi yakavunjika.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa kituo cha Xerox huko Palo Alto, Marekani, walitafuta njia ya kati. Walitengeneza mwongozo walioupa jina Sotto Voce, wakaujaribu katika nyumba ya kihistoria ya Filoli, California. Wageni wawili walibeba kompyuta ndogo za mkononi zilizounganishwa. Kila mmoja alichagua anachotaka kusikia, na mwenzake aliweza kukisikia pia. Watu walianza kuzungumza juu ya kile walichokisikia pamoja, kwa sababu kila mmoja alijua mwenzake yuko wapi.

Hapa kwetu tunaweza kuanza na vilivyo rahisi. Kwanza, kipaza sauti kidogo cha mwongozaji na vipokezi vya wanafunzi: anasema kwa sauti ya chini, wote wanasikia, naye anaweza kunyamaza na kuwaacha waulize. Pili, programu za simu zinazoanzisha maelezo kwa pamoja hata kama lugha ni tofauti, kisha zikasimama kwa dakika mbili ili watu waongee. Tatu, wanafunzi watembee wawili wawili na kifaa kimoja chenye hedifoni mbili. Nne, maandalizi: ushahidi wa manusura uliomo katika hifadhi ya nyaraka iliyozinduliwa mwaka 2010, ambayo ipo kwenye intaneti, uoneshwe darasani kabla ya safari, ili mtoto asikutane na yote kwa mara ya kwanza akiwa amesimama.

Makumbusho ya Huye, yaliyofunguliwa mwaka 1989, yanafaa kwa majaribio hayo. Pale kuna vikapu, zana za kilimo na vyombo vya maziwa, vitu ambavyo mzee yeyote ana la kusema juu yake. Kifaa kingeweza kurekodi maneno ya babu akimweleza mjukuu, familia ikaondoka na sauti hiyo kwenye simu. Hiyo ni mali ambayo fedha haiwezi kuinunua, na wenye kuijua wanapungua kila mwaka.

Bila shaka zipo sehemu ambazo mashine inapaswa kuzimwa. Mbele ya makaburi ya Gisozi, ukimya unatosha.

Ombi langu kwa wanaosimamia makumbusho yetu ni dogo. Kabla ya kununua vifaa vipya, waite walimu, waongozaji na wazee, wawaulize kundi linahitaji nini. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe, na historia kama yetu haibebwi na mtu mmoja mwenye hedifoni.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa shule ya sekondari jijini Kigali.