Baiskeli Juu ya Stendi

Kwetu Kerenge tulikuwa tunafika Korogwe bila kutoka uani. Baiskeli ya baba ilikuwa Phoenix, nzito, yenye stendi ya miguu miwili inayoliacha gurudumu la nyuma likielea. Baba akilala mchana, tuliisimamisha chini ya mwembe: mmoja anapanda, wa pili anashika usukani isije ikaanguka, wa tatu anatangaza safari. Sasa mkonge! Sasa mto! Sasa mlima! Likitajwa neno mlima, aliye juu alitakiwa akunje uso na kupunguza mwendo, ingawa gurudumu lilikuwa jepesi kama feni. Aliyekataa kutaabika aliteremshwa. Sheria hiyo hatukufundishwa na mtu, na hatukuwahi kuijadili.

Niliikumbuka miaka mingi baadaye, mwezi wa saba, sebuleni kwa mpwa wangu Muscat. Nje jua lilikuwa la kuchoma nyayo. Ndani, baiskeli imevuliwa gurudumu la nyuma, mnyororo umevishwa kwenye mashine iliyokaa sakafuni. Mbele kuna kioo cha kompyuta, pembeni feni, taulo kwenye usukani, na mkeka wa mpira wa kupokea jasho.

"Mjomba, dakika tano tunaanza."

"Mnaanza na nani?"

Akanyoosha kidole kwenye kioo. Walikuwa zaidi ya mia, wamejipanga kwenye mstari, kila mmoja na bendera ya nchi yake, na kila mmoja yuko chumbani kwake.

Mashine yenyewe haina uchawi. Inapima nguvu ya miguu kwa wati na kuipeleka kwenye programu. Programu inachukua wati hizo na uzito wa mwili, inakupa mwendo. Njia ikipanda kwenye kioo, sumaku za mashine zinakaza na pedeli inakuwa nzito kwelikweli. Sisi mlima tulikuwa tunaigiza, wao wanaletewa. Hata upepo umehesabiwa: ukijibanza nyuma ya mwenzako, programu inakupunguzia kazi, ingawa huyo mwenzako pengine yuko Norwe chumbani kwake.

Kilichonishangaza zaidi ni adabu. Watu hawa wameiacha barabara lakini wamehama na desturi zake zote, kama mtu anayehamia mjini na kinu chake. Kerenge ukimpita mtu njiani ukapiga kengele tu bila salamu, jioni utazikuta habari zako zimefika nyumbani kabla yako. Kwenye Zwift, programu iliyoanza mwaka 2014, salamu ni kidole gumba kinachorushwa kwa mtu usiyemjua, kwa sababu tu umemwona anahangaika. Kuna safari za pamoja zisizo za mashindano, zenye kiongozi aliyewekewa alama kichwani. Anayemkimbia kiongozi anakemewa hadharani. Na mbio zikiisha hawaondoki. Wanabaki wanazungusha miguu polepole, wanataniana kwa maandishi, wanasimuliana mahali walipoachwa.

Madaraja wanayo pia, kutoka A mpaka D, ambayo kwa miaka mingi yalipangwa kwa kipimo cha wati kwa kila kilo ya mwili. Hapo ndipo fitina inapoingia, maana uzito wako unauandika mwenyewe. Mtu akijipunguzia kilo 5 kwa kidole, anaupanda mlima kama mbuzi. Wapo na wenye nguvu wanaojificha madaraja ya chini, kama kijana wa sekondari anayejipenyeza kwenye UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, akachukue kombe la wadogo. Mpwa wangu aliwataja hao kwa chuki ambayo sijawahi kumsikia akimtaja nayo hata mwenye nyumba wake.

Kashfa iliyovuma sana ni ya mwaka 2019. Cameron Jeffers alishinda ubingwa wa kwanza wa Uingereza wa mbio hizi, kisha akanyang'anywa, akafungiwa miezi 6 na kutozwa faini ya pauni 250. Kosa lake ni kwamba baiskeli ya kung'aa aliyotumia kwenye kioo, ambayo mtu huipata kwa kupanda jumla ya mita 50,000, aliipata kwa kuiacha programu nyingine ipande milima kwa niaba yake. Baiskeli isiyoshikika, mlima usiokuwepo, lakini wizi ukahesabiwa wizi. Mimi niliona sawa. Hata sisi chini ya mwembe tulimteremsha asiyetaabika.

Mwaka uliofuata, Desemba 9, 2020, yakafanyika mashindano ya kwanza ya dunia ya mbio hizi. Kwa wanawake alishinda Mwafrika, Ashleigh Moolman-Pasio wa Afrika Kusini. Kwa wanaume Mjerumani Jason Osborne, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga makasia.

Karibu na kwetu wapo Team Amani, waendeshaji wa Kenya, Uganda na Rwanda, ambao nao wameshakutana na wa Ulaya kupitia mashine hizi, bila viza na bila tiketi. Lakini Iten, wanakofanyia mazoezi wengi wao, ipo kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Mashine inahesabu wati tu; haijui kwamba hewa anayovuta huyu wa Iten ni nyembamba kuliko ya yule wa Amsterdam. Na kuna jambo jingine isilolijua. Nahodha wao, Sule Kangangi, alifariki Agosti 2022 katika ajali ya mbio huko Vermont, Marekani, kwenye barabara ya changarawe yenye mawe yake.

Mbio za mpwa wangu zilichukua chini ya saa moja. Alimaliza wa arobaini na kitu, akafurahi kama aliyeoa. Akapangusa usukani, akashusha kiti, akaniambia nipande.

"Nitaanguka."

"Haianguki, Mjomba."

Nikapanda. Akafungua njia fupi yenye mlima mmoja, akarudi mbele yangu, na kwa mikono miwili akaushika usukani.