Pombe na bangi: Hatari ambazo wanafunzi wa vyuo Kisii na Nyamira hawazijui

WENGI wa wanafunzi wanaojiunga na vyuo katika kaunti za Kisii na Nyamira wametimiza umri wa miaka 18, hivyo sheria haiwakatazi kununua bia. Hapo ndipo huzuka dhana potovu kwamba sheria ya vileo haiwahusu tena.

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, maarufu kama Sheria ya Mututho, inasema vingine. Anayepatikana amelewa hajiwezi, au akizua fujo barabarani, hotelini au penginepo pa umma, anaweza kukamatwa bila kibali. Akipatikana na hatia, hutozwa faini isiyozidi Sh500 au kufungwa kwa muda usiozidi miezi mitatu, au adhabu zote mbili.

Bangi ni jambo zito zaidi. Chini ya sheria ya mihadarati ya 1994, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2022, anayepatikana na bangi ya kutumia mwenyewe anakabiliwa na faini isiyozidi Sh100,000 au kifungo kisichozidi miaka mitano. Lakini ni juu yake kuithibitishia mahakama kwamba ilikuwa yake pekee. Akishindwa, adhabu huwa kali zaidi.

Sheria hiyo inamgusa hata asiyevuta. Ni kosa kupatikana, bila sababu halali, katika chumba ambamo watu hukusanyika kuvuta. Mpangaji anayeruhusu chumba chake kitumiwe kwa shughuli hiyo pia ana hatia.

Kosa la usiku mmoja huweza kumfuata mwanafunzi hadi kazini, kwani waajiri wengi, ikiwemo Tume ya Huduma za Walimu (TSC), hudai cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa Idara ya Upelelezi (DCI).

Ulevi pia hauhalalishi dhuluma za kimapenzi. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 haitambui ridhaa ya mtu ambaye kileo au dawa imevuruga fahamu zake. Ubakaji huadhibiwa kwa kifungo kisichopungua miaka 10. Aliyedhulumiwa anapaswa kufika hospitalini kabla ya saa 72 kupita ili apate dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi.

Hatari nyingine imo ndani ya glasi yenyewe. Sheria ya 2010 iliruhusu chang'aa inayotengenezwa kwa leseni na kutiwa kwenye chupa, wala si ile inayouzwa vichochoroni. Hii ya pili huweza kuwa na methanoli, kemikali isiyotambulika kwa ladha wala harufu. Novemba 2000, pombe ya aina hiyo iliua zaidi ya watu 100 katika mtaa wa Mukuru, Nairobi. Februari 2024, wengine zaidi ya 10 walifariki Kirinyaga.

Mwili hugeuza methanoli kuwa asidi inayoshambulia mishipa ya macho. Dalili huweza kuchelewa kwa saa 12 hadi 24, na wenzake mgonjwa wakadhani ni uchovu wa ulevi tu.

Hapo ndipo hofu ya polisi na ya kufukuzwa chuoni huua. Badala ya kumpeleka mwenzao kwa daktari, marafiki humfungia chumbani ili alale. Ilhali kumpeleka mgonjwa hospitalini si kosa mbele ya sheria yoyote.

Mtu asiyeamshika, anayepumua kwa shida au anayelalamika kuwa haoni vizuri ni mgonjwa wa dharura. Alazwe kwa ubavu asije akapaliwa na matapishi, asiachwe peke yake, na asilazimishwe kutapika. Akimbizwe katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyamira au kituo kilicho karibu zaidi, na daktari aelezwe bila kufichwa alichokunywa.

Anayetaka kuacha pombe au mihadarati anaweza kupiga simu bila malipo kwa mamlaka ya NACADA kupitia nambari 1192.