Skuta iliyotumika: Ikague kwa jicho la afya kabla hujalipa

Foleni ya Mbagala au Kimara, nauli ya kwenda na kurudi, na mtoto anayetakiwa awe shuleni asubuhi na mapema vimewafanya wazazi wengi waanze kutafuta usafiri wao wenyewe. Gari ni ghali, na skuta mpya nayo si bei ya kila mtu. Wengi huishia kwenye skuta iliyotumika, hasa ile ya injini ya cc 125 hadi 150, ambayo inabeba watu wawili bila kulemewa na haina gia za kubadilisha kwa mguu.

Kwa kawaida mnunuzi huuliza mambo matatu: bei, ulaji wa mafuta na kama kadi ina jina la muuzaji. Ni maswali ya msingi, lakini kuna la nne linalosahaulika: je, chombo hiki kitasimama nikikihitaji kisimame?

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu milioni 1.19 hufariki dunia kila mwaka kutokana na ajali za barabarani, na ajali hizo ndizo chanzo kikuu cha vifo vya watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Huo ni umri wa mtoto unayempeleka shule, na pengine ni umri wako pia. Ndiyo maana ukaguzi wa skuta nauweka kwenye safu ya afya.

Anza na breki na tairi

Nenda na fundi unayemwamini wewe, si fundi wa muuzaji, na nenda mchana. Sukuma skuta ikiwa imezimwa, kisha shika breki ya mbele peke yake, halafu ya nyuma peke yake. Kila moja iweze kuisimamisha. Mkono wa breki ukigusa mshikio wa usukani kabla skuta haijasimama, au ukihisi unabonyea kama sifongo, breki ina tatizo. Kumbuka kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali unaohitajika ili breki ziisimamishe skuta huongezeka karibu mara nne.

Tairi nazo zina tarehe, kama dawa unayonunua duka la dawa. Ubavuni utakuta tarakimu nne. Zikiwa 1822, maana yake tairi ilitengenezwa wiki ya 18 ya mwaka 2022. Mpira huzeeka na kukakamaa hata kama chombo kilikuwa kimeegeshwa tu. Ukiona nyufa ndogondogo, uvimbe au kashata zilizolika, hesabu gharama ya tairi mpya kabla ya kukubaliana bei. Matairi ya skuta ni madogo kuliko ya pikipiki za kawaida, hivyo huzama zaidi kwenye mashimo. Tairi mbovu kwenye barabara mbovu ni njia fupi ya kuvunjika mkono.

Mwambie fundi ainue gurudumu la mbele, kisha zungusha usukani kulia na kushoto. Usikwame wala kugonga. Tazama fremu kama ina alama za kuchomelewa au kunyooshwa, na shokapu kama zinavuja mafuta. Shokapu zilizokufa hupeleka kila tuta kwenye mgongo wako, na mwenye maumivu ya kiuno atalijua hilo ndani ya wiki moja. Washa taa zote, za mbele, za breki na indiketa.

Jipime na wewe

Skuta ikiwa nzima, mwendeshaji naye awe mzima. Kama una kifafa, au umewahi kuzimia bila sababu kujulikana, usiendeshe mpaka daktari wako akuruhusu. Kama unatumia insulini, pima sukari kabla ya safari na beba kitu chenye sukari mfukoni. Ukianza kutetemeka au kutoka jasho jembamba, egesha kwanza. Kama umeanza dawa mpya ya shinikizo la damu, subiri uone kama inakuletea kizunguzungu.

Dawa nyingi za mafua, mzio na usingizi hupunguza wepesi wa akili na mikono. Muulize mfamasia swali moja fupi: “Dawa hii inaleta usingizi?” Akisema ndiyo, siku hiyo panda daladala.

Na wewe unayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, ukianguka na kujigonga kichwa nenda hospitali hata kama unajisikia vizuri. Damu inaweza kuvuja taratibu ndani ya fuvu.

Mtoto anakaa wapi?

Skuta ina nafasi mbele ya kiti ya kuweka miguu, na wazazi wengi humsimamisha mtoto hapo. Ni mahali pabaya. Skuta ikigonga kitu, mtoto hubanwa kati ya usukani na mwili wa mtu mzima. Usukani ukimpiga tumboni unaweza kuumiza ini au bandama bila kuacha alama kubwa kwenye ngozi.

Mtoto akae nyuma, na apande tu ikiwa nyayo zake zinafika kwenye vikanyagio, mikono yake inaweza kukushika kiunoni muda wote, na kofia ngumu inamkaa sawasawa. Mtoto ambaye miguu yake inaning’inia anaweza kuiingiza kwenye gurudumu. Kichanga mgongoni hana kofia inayomfaa, na mama akianguka chali, mtoto ndiye anayetangulia kufika chini. Kwa mtoto huyo skuta bado si usafiri, hata iwe nzuri namna gani.

Funga vizuri khanga, mtandio, baibui na kamba za begi la shule. Nguo ikinaswa na gurudumu inaweza kumvuta mtu shingoni au kumwangusha ghafla.

Kofia ngumu isiwe ya mtumba

Muuzaji akikuongezea kofia ya zamani kama zawadi, ishukuru lakini usiivae. Ndani ya kofia ngumu kuna sponji maalumu linalobonyea ili kupokea nguvu ya pigo badala ya ubongo. Likishabonyea mara moja halirudi, na kwa nje huwezi kuona. Hujui kofia hiyo imeshaanguka mara ngapi.

Kofia bora iliyovaliwa sawasawa hupunguza hatari ya jeraha la kichwa kwa takriban asilimia 70. Neno “sawasawa” ndilo lenye uzito. Ikubane kidogo mashavuni, isizunguke ukitikisa kichwa, na mkanda wake ufungwe chini ya kidevu. Kofia isiyofungwa huruka kabla kichwa hakijafika chini. Mtoto anunuliwe saizi yake. Usimpe kubwa ukisema atakua nayo.

Bomba la moshi na petroli

Bomba la moshi huunguza ndama ya mguu, hasa ya mtoto anayeshuka upande wa bomba. Hakikisha kinga yake ya chuma au plastiki ipo, na mzoeze mtoto kushuka upande mwingine. Akiungua, mwagia maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, asali, unga wala mafuta.

Usiwashe injini ndani ya chumba kilichofungwa, kwa kuwa moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu. Usinyonye petroli kwa mpira kwa kutumia mdomo, wala usiihifadhi kwenye chupa ya soda au maji. Mtoto akiinywa, usimtapishe wala kumpa maziwa. Mkimbize hospitali, kwa sababu petroli ikiingia mapafuni wakati wa kutapika huleta madhara makubwa zaidi.

Bei halisi

Kama una Sh2 milioni, usitafute skuta ya Sh2 milioni. Tafuta ya chini ya hapo, ili ubakiwe na fedha za pedi za breki, tairi, kofia mbili mpya, bima, kubadilisha umiliki TRA, na mafunzo kama bado huna leseni ya pikipiki. Fedha zisipotosha kwa hayo, ahirisha. Mwezi mmoja zaidi wa daladala ni nafuu kuliko miezi ya kulala na mguu umefungwa vyuma, bila kipato, huku mtoto akikosa wa kumpeleka shule.

Na ikitokea umeanguka, wewe au mtoto, wahini hospitali mkiona lolote kati ya haya: kupoteza fahamu hata kwa muda mfupi, kutapika, kichwa kinachozidi kuuma, usingizi usio wa kawaida, au tumbo kuuma baada ya kupigwa na usukani. Dalili hizo zinaweza kuchelewa kwa saa kadhaa, hivyo usimwache aliyeanguka alale peke yake usiku huo.