Ruta Ina Maneno Mawili ya Siri

Katika kata ya Msangano, wilayani Momba, anayetaka intaneti nyumbani hasubiri kuvutiwa waya. Hutia laini ya simu ndani ya ruta, akaiweka karibu na dirisha ili ishike mtandao vizuri, kisha akanunua bando. Watoto wanaunganisha simu zao, mgeni naye, na jirani akiomba neno la siri hanyimwi. Neno lenyewe mara nyingi ni namba ya simu ya baba mwenye nyumba, kwa kuwa kila mtu ameshaikariri.

Namba hiyo ni kufuli dhaifu mno. Namba ya simu ya Tanzania ina tarakimu 10, na tatu za mwanzo zinajulikana: 075, 078, 062 na nyinginezo chache. Zinazobaki kukisiwa ni 7 tu, yaani namba milioni 10 kwa kila mwanzo. Kwa mtu anayebonyeza kwa kidole hiyo ni kazi ya miaka. Kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro, inayojaribu mamia ya maelfu ya maneno kwa sekunde, huimaliza ndani ya dakika moja hivi. Wala mwizi halazimiki kukaa nje ya ukuta wakati wote huo. Mawimbi ya waifai hupenya matofali yakafika barabarani; akinasa mara moja tu salamu ambazo simu na ruta hupeana zinapounganishwa, huondoka nazo akakisie kwake kwa nafasi.

Maneno manne ya kawaida yasiyohusiana, kama mpunga, ngazi, birika na Alhamisi, yakiandikwa kwa mfululizo, humshinda mwizi huyo. Nayo hukaririka.

Lakini hilo ni neno la kwanza. La pili, ambalo wenye ruta wengi hata hawajui kama lipo, ni la kuingia kwenye ruta yenyewe, kwenye ukurasa wa mipangilio unaofunguka kwa kuandika 192.168.1.1 au anwani nyingine iliyo kwenye kibandiko cha chini. Mara nyingi huachwa kama lilivyotoka kiwandani, na kwa ruta nyingi ni "admin" tu. Mwenye kulijua anashika usukani wa nyumba nzima.

Yaliyotokea Brazil mwaka 2018 yanaonyesha maana yake. Watafiti waligundua ruta zaidi ya 100,000, nyingi zikiwa za nchi hiyo, zilizoingiliwa na wahalifu ambao hawakuwa na haja ya bando la mtu. Walibadilisha kitu kimoja: mahali ambapo ruta huuliza njia ya kwenda kwenye tovuti. Mteja aliandika anwani sahihi ya benki yake, akapelekwa kwenye ukurasa bandia unaofanana na ule wa kweli, akaziandika siri zake kwa mkono wake.

Afrika nayo imeonja. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai ilizunguka duniani ikijaribu kamera za ulinzi na ruta, mkononi ina orodha ya majina na maneno ya kiwandani yapatayo 60. Kifaa kilichofunguka kiligeuzwa askari wa vita asivyovijua mwenye nacho. Mwingereza Daniel Kaye alilipwa kuelekeza jeshi la aina hiyo dhidi ya Lonestar, kampuni ya simu ya Liberia. Mwaka 2019 mahakama ya London ilimfunga miaka 2 na miezi 8. Mfanyabiashara wa Tunduma mwenye kamera ya dukani iliyounganishwa na ruta ana sababu ya kuikumbuka kesi hiyo.

Kwa Tanzania kuna jambo zito zaidi. Tangu mwaka 2019 laini husajiliwa kwa alama za vidole, na laini iliyo ndani ya ruta nayo ina mwenyewe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamtia hatiani anayeingia kwenye mfumo wa mwenzake bila idhini, lakini utapeli ukifanywa kupitia waifai ya mtu, alama za kwanza zitaelekea kwenye laini yake.

Ukarimu hauna haja ya kufa kwa ajili hiyo. Ruta nyingi huruhusu kufungua waifai ya wageni, yenye neno lake, iliyotengwa na vifaa vya nyumbani. Kwenye mipangilio, aina ya ulinzi wa waifai iwe WPA2 au WPA3. Aina ya zamani, WEP, ilivunjwa tangu mwaka 2001. WPS, njia ya kuunganisha kifaa kwa PIN, nayo izimwe, kwani mwaka 2011 ilibainika kwamba PIN hiyo ya tarakimu 8 hupatikana kwa majaribio yasiyozidi 11,000.

Anayeogopa kusahau ayaandike maneno yote mawili kwenye daftari la nyumbani. Yakipotea kabisa, nyuma ya ruta kuna tundu dogo: pini ikichomekwa kwa sekunde 10 hivi, kila kitu hurudi kilivyotoka kiwandani, "admin" ikiwemo, na kazi ya kuibadilisha huanza upya siku hiyohiyo.