Mtunza Bustani wa Kujitolea Katika Nchi Kavu

Huko Kaikor, kaskazini ya Lodwar, mtu akisema kwamba amepata cheti cha kutunza bustani, wenzake watamwuliza kwanza: Na maji utayatoa wapi? Swali hilo ni la haki. Mvua ya Lodwar ni kadiri ya milimita 200 tu kwa mwaka, nayo haitegemeki. Kati ya mwaka 2020 na 2022 misimu mitano ilipita mfululizo pasipo mvua ya kutosha, na mifugo mingi ikafa. Ndiyo sababu wako wasemao kwamba bustani ni kazi ya watu wa Kericho na Kisii, na ya kwamba Mturkana akiwa na mbuzi yamtosha.

Lakini wasemao hivyo wamewasahau mama zao. Tangu zamani wanawake wa Kiturkana wamelima mtama kando ya mito ya Turkwel na Kerio na penye laga, yaani mito ikaukayo. Maji ya gharika yakiisha kupungua hupanda mara, huzungushia shamba matawi ya miiba, na mtama huo huiva upesi kabla unyevu haujakwisha katika ardhi. Shamba ni la mama, naye humwachia binti. Basi mafunzo tunayotaka kuyaeleza hapa hayamwanzii mtu asiyejua kitu.

Mtunza bustani wa kujitolea ni mtu gani? Ni mwenyeji wa mahali, mwanamume au mwanamke, aliyefundishwa kilimo cha mboga kwa utaratibu, akapimwa, akapewa cheti, naye kwa malipo ya elimu hiyo akaahidi kuwafundisha jirani zake bila mshahara. Katika Marekani desturi hii ilianza mwaka 1972 katika jimbo la Washington. Mabwana shamba wa chuo kikuu cha huko waliulizwa maswali mengi mno na wakazi wa mijini hata wakashindwa kufanya kazi nyingine. Ndipo wakawafundisha raia waliopenda, ili hao wawajibu wenzao. Kwetu Kenya njia iliyo karibu nayo ni shamba darasa, iliyotoka Indonesia, ambako ilianzishwa mwaka 1989 kwa ajili ya wakulima wa mpunga, ikafika Kenya katikati ya miaka ya 1990. Mwaka 2006 njia hiyo ilijaribiwa Turkana kwa wafugaji wenyewe, darasa likawa chini ya mti na kitabu kikawa mbuzi.

Darasa la namna hii huwa na watu 20 hadi 30. Hukutana asubuhi moja kila juma kwa msimu mzima, tangu kuandaa udongo mpaka kuvuna. Hawaketi kuhutubiwa. Hulima vipande viwili sawasawa, kimoja kwa desturi yao na kimoja kwa njia mpya, kisha kila juma huhesabu majani, hutafuta wadudu, hupima urefu, na kubishana. Afisa wa kilimo, ambaye wazee bado humwita Bwana Shamba, yafaa aulize zaidi kuliko kujibu. Kunde zikinyauka katika kipande cha njia mpya, darasa limefaidika pia, maana wote wamejionea.

Katika nchi kavu somo kubwa ni maji. Mkulima wa nyanda za juu huinua matuta ili maji yatoke. Huku mtu huchimba jaruba dogo, lililozama kadiri ya kiganja chini ya ardhi, ili maji yakae. Udongo hutiwa samadi kutoka boma la mbuzi, iliyooza vema, kisha hufunikwa kwa majani makavu ili jua lisiunyonye. Maji yaliyooshea vyombo yasimwagwe mlangoni, bali yatiwe penye shina la mlonge au mchicha. Kakuma, mahali penye kambi ya wakimbizi tangu mwaka 1992, watu wengi wasio na ardhi wameotesha sukuma wiki katika gunia lililojazwa udongo, lenye nguzo ya mawe katikati ya kupitishia maji. Gunia moja halilishi nyumba, lakini huwapa watoto mboga. Na hakuna bustani pasipo ua: mbuzi mmoja akiingia usiku, kazi ya miezi miwili imekwisha.

Tena iko habari ya chumvi, ambayo wengi hawaifahamu mpaka wameumia. Mwezi wa Septemba 1993 haukuwa na habari hiyo. Ilikuwa Septemba 2013 ilipotangazwa kwa shangwe kwamba maji mengi sana yameonekana chini ya uwanda wa Lotikipi, katika Turkana hiyo hiyo ya kaskazini. Baadaye maji yalipopimwa yakaonekana yana chumvi nyingi, hayafai kunywewa hivi hivi. Kwa hiyo mwanafunzi hujifunza kuonja maji ya kisima kabla ya kupanda, na kutazama udongo: ukionyesha weupe juu kama unga, chumvi imepanda. Maharagwe huungua kingo za majani upesi; mtama huvumilia zaidi. Kunyunyiza kidogo kidogo juu juu kila siku huikusanya chumvi penye mizizi. Afadhali kumwagilia kwa kushibisha, kisha kungoja, ili chumvi ishuke chini. Jambo hili pekee, likijulikana na mtu mmoja katika kijiji, laweza kuokoa mbegu za nyumba nyingi.

Msimu ukiisha, mwanafunzi hupimwa shambani, wala si kwa kalamu tu, na asiyejua kusoma hazuiwi. Cheti anachopewa si barua ya kazi. Humshuhudia kwa jirani zake kwamba amefuzu, basi.

Hapo ndipo penye ugumu, na haifai kuuficha. Katika miaka ya 1980 makinga ya udongo yalijengwa sehemu kadhaa za Turkana, mfano wa mikono miwili iliyonyoshwa kuelekea mlimani ili kuyapokea maji ya mvua, na mtama ukapandwa ndani. Maarifa yalikuwa mema. Lakini watu wengi walilipwa chakula kwa kazi hiyo, na chakula kilipokoma makinga mengi yalibomoka pasipo mtu wa kuyatengeneza. Mwenye kujitolea anatakiwa kuwa kinyume cha hayo: mtu abakiye baada ya magari kuondoka. Hata hivyo neno kujitolea limechakaa kwa kutumiwa vibaya. Mama ambaye huamka alfajiri kuchota maji mbali hawezi kuombwa siku tatu katika juma bila kitu. Kwa maoni yetu asubuhi moja kwa juma yatosha, tena jirani wafundishwao walime kwa zamu katika bustani yake, na wenye kuandaa mafunzo walete mbegu na jembe. Yeye atoe elimu na wakati, asitoe chakula cha watoto wake.

Atakaye kujiunga huko Kaikor na amwone afisa wa kilimo wa wadi ya Kaaleng/Kaikor, au aulize katika ofisi ya kilimo ya kaunti mjini Lodwar, kama liko darasa linalokusudiwa. Ni vema watu 20 waende pamoja kuliko mmoja mmoja, maana kundi lililokwisha kuchagua shamba na kukata miiba ya ua ni rahisi kupewa mwalimu. Mvua za masika hutazamiwa tangu Machi hadi Mei. Majaruba na yawe yamechimbwa, na samadi imeoza, kabla ya mwisho wa Februari.