Mwanambuzi yatima: ni maziwa gani ya kutia kwenye chupa?

Majuzi nilikuwa kwenye foleni ya duka moja mjini Voi. Mzee aliyekuwa mbele yangu aliweka kwenye kaunta mkebe wa maziwa ya unga ya watoto wachanga na chupa ya kunyonyeshea. Mhudumu, msichana wa umri wa wajukuu wake, akamtania, "Hongera babu, nyumbani kumepatikana mgeni?"

"Mgeni ni mwanambuzi, mjukuu wangu. Mamake alikufa jana usiku."

"Na ndiye wa kunywa maziwa ya bei hii?"

"Si hata ndovu hupewa haya haya?"

Swali la mzee lilinifuata mpaka ofisini, nikalipeleka kwa maafisa wetu wa mifugo. Jibu lao ni kwamba kuhusu ndovu mzee alisema kweli, lakini kuhusu mbuzi alikuwa anapoteza pesa, na pengine angempoteza mwanambuzi pia.

Habari ya ndovu ina asili yake hapa kwetu. Daphne Sheldrick, ambaye mumewe David alikuwa msimamizi wa Hifadhi ya Tsavo Mashariki, alihangaika kwa miaka mingi na ndama wa ndovu waliofiwa na mama zao. Aliwapa maziwa ya ng'ombe, na ndama wachanga wakafa, kwa sababu tumbo la ndovu haliwezi mafuta yaliyomo katika maziwa hayo. Katika miaka ya 1970 ndipo alipopata mchanganyiko uliofaa: maziwa ya watoto wa binadamu yasiyo na mafuta ya ng'ombe, pamoja na mafuta ya nazi. Tangu hapo ndovu yatima wa Tsavo wamekua kwa chupa, na wakazi wengi wa kaunti hii wamewahi kuwaona au kusikia habari zao.

Lakini mbuzi si ndovu. Mbuzi, kondoo na ng'ombe wote hucheua, na matumbo yao yamejengwa kwa namna moja. Maziwa ya ng'ombe yana mafuta ya asilimia 3.5 hadi 4 na protini ya asilimia 3 na kidogo, na ya mbuzi hayako mbali na hapo. Maziwa ya watoto wa binadamu yana protini chini ya nusu ya hiyo, na sukari yake ya maziwa ni nyingi zaidi. Sababu ni kwamba mtoto wetu hukua polepole, huchukua takriban miezi mitano kufikia uzito maradufu ya ule aliozaliwa nao. Mwanambuzi anayenyonya vizuri hufanya hivyo kwa majuma machache. Ukimpa maziwa ya mtoto wa binadamu atashiba bila kujenga mwili, na sukari ikimzidi ataharisha.

Tupige hesabu pia. Mwanambuzi mmoja hunywa lita 40 hivi mpaka aachishwe maziwa akiwa na wiki nane. Ukinunua maziwa ya ng'ombe kwa Sh70 lita, utatumia Sh2,800 kumlea mbuzi utakayemuuza kwa bei ya juu ya hiyo. Mkebe wa gramu 400 wa maziwa ya watoto hutoa lita tatu hivi, kwa hiyo utahitaji mikebe 13. Bei ya mkebe mmoja unaijua.

Kabla ya yote hayo, kuna maziwa yasiyo na mbadala, nayo ni dang'a, yale mazito ya manjano ya siku ya kwanza. Mwanambuzi huzaliwa bila kinga yoyote ya magonjwa. Kinga yote huipata katika dang'a, na utumbo wake huipokea kwa muda mfupi tu. Saa sita za kwanza ndizo bora, na baada ya saa 24 mlango huo umefungwa. Ampe dang'a mara tatu au nne ndani ya siku hiyo, kila mara mililita 50 kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo mbili, basi, ni mililita 100 kwa mkupuo.

Kama mama amekufa wakati wa kuzaa, mkamue mara moja ikiwa chuchu bado zina kitu. La sivyo, tafuta mbuzi mwingine aliyezaa siku hiyo, au ng'ombe wa jirani aliyezaa karibuni, kwani dang'a ya ng'ombe humfaa mwanambuzi. Hapa ndipo wafugaji wa nyanda za chini, kama Maungu na Kasigau, wanapoweza kunufaika na ndugu zao wa Wundanyi wenye ng'ombe wa maziwa. Dang'a inayobaki hukaa kwenye friza hata mwaka mzima ikiwekwa katika chupa ndogo za soda. Siku ya kuitumia, tumbukiza chupa katika maji ya uvuguvugu mpaka iyeyuke. Usiichemshe, maana itaganda kama yai na kinga yote itakufa. Wapo wanaochanganya maziwa, yai na mafuta kidogo wakaita hiyo dang'a. Chakula ni chakula, lakini kinga haimo.

Siku ya pili na kuendelea, chaguo la kwanza ni maziwa ya mbuzi mwingine. La pili, ambalo kwa wengi ndilo rahisi, ni maziwa ya ng'ombe yasiyoondolewa mafuta. Yawe mabichi yaliyochemshwa yakapoa au ya pakiti, yote yanafaa mradi pakiti isiwe ya mafuta kidogo. Mwanakondoo naye ana shida yake. Maziwa ya kondoo ni mazito sana, mafuta asilimia 6 hadi 7, hivyo ya ng'ombe kwake ni mepesi. Ataishi nayo, ila mpe mara nyingi zaidi kwa siku badala ya kumjaza mara moja.

Maziwa ya unga ya ndama yanayouzwa kwenye maduka ya dawa za mifugo pia yanafaa, lakini soma mfuko kabla ya kulipa. Protini yake itokane na maziwa. Ile ya soya haifai kwa wiki tatu za kwanza. Koroga kwa kipimo kilichoandikwa, usibane unga ili mfuko udumu.

Na tafadhali, usiongeze maji. Hili maafisa walilirudia mara kadhaa, kwa sababu ndilo wanalolikuta zaidi nyanjani. Mtu huona maziwa "mazito" akayapunguza makali, au maziwa ya mtungi yakaja tayari yameongezwa maji na mchuuzi. Tumbo la mwanambuzi ni dogo, hivyo kila kijiko cha maji huchukua nafasi ya chakula. Mnyama hufa kwa njaa tumbo likiwa limejaa. Uji wa mahindi ni vivyo hivyo, hawezi kuumeng'enya katika wiki za mwanzo.

Kwa siku mpe maziwa yanayolingana na asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake. Mwenye kilo mbili na nusu atahitaji mililita 400 hadi 500, zikigawanywa mara nne. Akifika wiki nne atakuwa kwenye lita moja, kwa mara mbili au tatu. Maziwa yawe na joto la mwili, yakidondoka kwenye mkono wako usihisi moto wala baridi. Ukianza na maziwa ya aina moja baki nayo, na ukilazimika kubadilisha, changanya ya zamani na mapya kwa siku tatu au nne.

Mwanambuzi anyonye akiwa amesimama, shingo imeinuka kidogo kama anayemnyonya mama. Anaponyonya hivyo, mfereji mdogo hujifunga kooni na kuyapeleka maziwa moja kwa moja kwenye tumbo la nne, ambako humeng'enywa. Ukimlaza chali kama mtoto, maziwa huingia mapafuni. Tia kidole mdomoni mwake kwanza. Ukihisi baridi, mpashe joto kabla ya kumlisha, kwa sababu mwili uliopoa hauwezi kumeng'enya.

Kuanzia wiki ya pili mwekee maji safi na majani laini, aanze kuonja.

Chupa ya mwanambuzi isirudi jikoni. Iwe na sufuria yake, ioshwe kwa maji moto na sabuni kila mara, nawe unawe mikono. Maziwa mabichi ya mnyama aliyeharibu mimba yanaweza kubeba ugonjwa wa bruselosisi, unaompata binadamu pia. Hayo usiyatumie, na mwite afisa wa mifugo wa wadi yako.

Jambo moja bado, kwa sababu kaunti yetu sehemu kubwa ni hifadhi. Kuna wanaookota watoto wa swala wakidhani ni yatima, wakawapeleka nyumbani kwenye chupa ile ile. Mara nyingi si yatima. Swala humficha mtoto wake kwenye nyasi akaenda kula, kisha hurudi kumnyonyesha. Maziwa ya swala kwa kawaida ni mazito kuliko ya ng'ombe, kwa hiyo hata nia njema huishia kwa mtoto kudhoofika. Isitoshe, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu kufuga mnyamapori bila kibali. Ukimwona mtoto wa swala peke yake, mwache alipo, zuia mbwa, na upige ripoti kwa kituo cha KWS kilicho karibu nawe.